Sura ya Sita: Kanda la Usufi

Ukiwahi Kariakoo alfajiri, kabla magari hayajauziba Mtaa wa Msimbazi, simama kando uwaangalie wabeba mizigo. Mmoja atachukua kitambaa chakavu, akisokote, akizungushe hadi kiwe duara, kisha akibandike utosini. Hiyo ndiyo ngata. Wenzake wawili watamtwisha robota la mitumba. Wakati huo usimtazame usoni, mtazame shingo. Mishipa inasimama, kidevu kinaingia ndani kidogo, mgongo unanyooka. Halafu anaondoka kwa mwendo ambao si wa kutembea wala wa kukimbia: magoti yamelegea, mikono inapiga makasia hewani, kichwa kimetulia tuli kana kwamba si cha mwili uleule. "Mzigo, mzigo!" anapaza sauti, na watu wanampisha bila kumtazama.

Wengi wa wanaompisha wanajua kwamba mahali wanaposimama pamepewa jina na watu kama yeye. Kariakoo ni Kiingereza kilichotafunwa na ndimi za Dar es Salaam: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo ukumbi mkubwa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hilo wakaligeuza kambi ya wapagazi. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu ileile. Jina limebaki. Waliolileta wamepotea humo ndani ya jina.

Mwaka 2018, karne moja baada ya vita hivyo kwisha, msanii wa Afrika Kusini, William Kentridge, aliwapandisha wapagazi hao jukwaani. Kazi yake inaitwa The Head & the Load, jina lililotoka kwenye methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Julai mwaka huo mjini London, ndani ya Turbine Hall, ukumbi uliowahi kuwa wa mitambo ya umeme na sasa ni sehemu ya jumba la sanaa la Tate Modern. Ni dansi, ni muziki unaopigwa papo hapo, ni uchoraji, na vyote vinatembea pamoja kwa wakati mmoja. Sisi tunayo methali ya kwetu inayogusa jambo hilohilo kutoka upande mwingine: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi, kwa vijana waliolalia godoro la sponji tangu kuzaliwa, ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi tuliyokuwa tukijazia mito. Jaza kanda zima, mtoto atalibeba. Swali la sura hii ni hili: mzigo wa mtu aliyekufa miaka mia iliyopita unarudishiwaje uzito mbele ya mtazamaji aliyekaa kwenye kiti?

Kwanza tuupime mzigo wenyewe.

Vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, maofisa walikutana na adui ambaye vyuo vya kijeshi vya Ulaya havikuwa vimemtaja: mbung'o. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa ugonjwa wa nagana kwa maelfu. Magari yalikuwa machache, na mvua zikinyesha yalizama matopeni. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ya kikatili. Chukua mpagazi mmoja aliyebeba kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anakula kama kilo moja kwa siku. Akitumwa mwendo wa siku 10 kwenda na 10 kurudi, kilo 20 ataishia kuzila yeye, na askari aliyeko mbele atapata kilo tano. Mwendo ukiwa wa siku 13, mzigo wote unaishia tumboni mwa aliyeubeba, tena atafika nyumbani na njaa. Kwa hiyo mpagazi wa chakula alihitaji mpagazi wa kumbebea chakula, na huyo naye alihitaji wake. Au apunguziwe posho. Mara nyingi alipunguziwa.

Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, na hesabu yao rasmi inakiri vifo 95,000 hivi. Kwa upande wa Wajerumani kumbukumbu ni hafifu zaidi. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na pia na unga wa mahindi uliosagwa ovyo na kupikwa nusunusu, wakalishwa watu ambao kwao walikulia kwenye ndizi. Jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Katika wiki hizo mbili wapagazi waliendelea kubeba.

Na walibeba nini? Kila kitu. Wajerumani walileta meli nzima, Götzen, ikiwa vipandevipande ndani ya maelfu ya makasha, wakaiunga Kigoma. Ndiyo hiyohiyo Liemba ambayo babu zetu na sisi tumeipanda. Mwaka 1915 Waingereza nao walisafirisha mashua mbili za kivita kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika, kwa reli, kwa mto, na kwa kuzikokota kupitia milimani. Mashua moja iliitwa Toutou, na ya pili Mimi. Majina yalitoka kwenye Kifaransa cha mzaha, lakini mwenye Kiswahili hawezi kusikia kwamba mamia ya watu walitoka jasho kuivusha milima mashua iitwayo Mimi asijiulize huyo mimi alikuwa nani.

Habari kama hizi zipo vitabuni kwa atakaye kuzisoma. Shida ni kwamba kitabu kinaweza kukupa 95,000, na namba hiyo nayo ikawa kanda la usufi: unaisoma, unasikitika kidogo, unafunua ukurasa. Picha za wakati ule ni chache, na katika nyingi mpagazi ni doa dogo nyuma ya Mzungu aliyekaa. Barua zao hazipo. Mwanahistoria anaishiwa maneno hapo. Ndipo wanapoingia watu wa fani nyingine.

Kentridge alizaliwa Johannesburg mwaka 1955, na silaha yake kubwa ni kipande cha mkaa. Anachora, anapiga picha, anafuta, anachora tena juu ya palepale, anapiga picha nyingine. Picha zikiungwa zinakuwa filamu, na kwa kuwa mkaa haufutiki wote, kila kilichoondoka kinaacha kivuli cha kijivu kwenye karatasi. Sijui kama kuna fani inayofaa zaidi kwa habari ya watu waliofutwa daftarini. Kabla ya hapo alikuwa amesomea uigizaji wa mwili Paris, kwenye shule ya Jacques Lecoq, kwa hiyo mkono wa mchoraji ulikutana mapema na mguu wa mwigizaji.

Muziki ni wa Philip Miller, aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, akishirikiana na Thuthuka Sibisi. Dansi ni ya Gregory Maqoma, mtoto wa Soweto aliyeanzisha kundi la Vuyani Dance Theatre mwaka 1999. Waliwakusanya waimbaji na wachezaji wa Afrika Kusini, wakamwalika N'Faly Kouyaté wa Guinea na kora yake, wakaongeza okestra ya The Knights kutoka New York. Hawakuanza na andiko lililokwisha ambalo kila mtu alipewa kipande chake akariri. Walijaribu pamoja: mchoro ukazaa hatua, hatua ikaomba sauti, sauti ikaurudisha mchoro ubaoni. Kwa atakayetaka kuifuata njia hiyo, najua ina gharama. Inakula muda, na wafadhili wetu wanapenda kuona andiko kwanza.

Jukwaa lenyewe ni refu kupita kiasi, zaidi ya mita 50 kutoka pembe hadi pembe, na ni jembamba kama barabara. Ni barabara kweli. Watazamaji wamekaa ubavuni mwake kama wanakijiji wanaoangalia msafara ukipita. Nyuma kuna ukuta unaomulikwa michoro, ramani, kurasa za madaftari na maandishi. Huwezi kuona vyote. Ukitazama kushoto, kulia kumetokea jambo. Wengine wamelalamika kwamba hilo linachosha. Mimi naliona ni uaminifu, maana vita vile navyo hakuna aliyeviona vyote, hata aliyekuwa akiviongoza.

Sasa nikuonyeshe sehemu moja kwa karibu, ile ambayo kazi nzima inaielekea: maandamano. Taa imewekwa chini, mbele ya jukwaa. Wachezaji wanaingia kutoka upande mmoja wakiwa wamebeba vichwani na mabegani vipande bapa vya kadibodi, vilivyokatwa kwa maumbo ya vitu na watu. Kadibodi haina uzito. Mchezaji anajua, na mtazamaji anajua. Lakini mwili wa mchezaji unaibeba kana kwamba ni chuma: shingo imekaza, goti linakunjika nusu kabla ya hatua, mguu unaburutwa kisha unatupwa mbele. Ni mwendo wa yule kijana wa Msimbazi, umepunguzwa kasi na kupewa mapigo. Na nyuma yao, ukutani, vivuli vinatembea. Mtu akisogea karibu na taa, kivuli chake kinakua hadi mara tatu yake. Akirudi nyuma kinapungua. Ukutani huoni kadibodi tena. Unaona jitu limetwishwa kitu kikubwa kuliko nyumba, linakwenda, na nyuma yake lingine, na lingine.

Usufi umegeuka risasi mbele ya macho yako, na hakuna aliyekudanganya. Taa unaiona. Kadibodi unaiona. Uzito umetoka kwenye mwili wa mchezaji, ukuta umeukuza, na muziki umeuzuia usiondoke. Ondoa kimoja tu ujaribu: vivuli bila shingo iliyokaza ni mchezo wa watoto wa mkono na kibatari, dansi bila vivuli ni watu kadhaa kwenye jukwaa kubwa mno, na muziki peke yake utakuwa mzuri, utapigiwa makofi, basi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fani zinazofanya kazi pamoja na fani zilizowekwa meza moja. Nimeona maonyesho mengi ya meza moja. Mpiga gitaa kakaa pembeni, mchoraji anapaka rangi kwenye turubai kwa nyuma, mcheza dansi anajinyonganyonga katikati, na kila mmoja angeweza kurudi nyumbani mapema bila wenzake kugundua.

Maneno nayo yametendewa kwa namna hiyohiyo. Maandishi ya Frantz Fanon yanasemwa kwa Kiswati. Shairi la Wilfred Owen, Mwingereza aliyefia vitani, limepelekwa kwenye Kifaransa. Mkutano wa Berlin, ule uliotugawa kama nyama ya sadaka, umefanywa kwa Ursonate ya Kurt Schwitters, utungo ambao hauna hata neno moja lenye maana, ni silabi tupu zinazofokwa kwa heshima zote za kidiplomasia. Mtazamaji wa Ulaya anacheka, kwa sababu anajua kwamba miaka ileile wapagazi walipokuwa wakifa, vijana wa Zürich walikuwa kilabuni wakitunga mashairi ya vurugu kuvikejeli vita. Mtazamaji wa kwetu atacheka kwa sababu nyingine. Amri zinazotolewa kwa ukali, kwa lugha usiyoielewa, na wewe unatakiwa uitike, huo si mchezo wa kisanii kwa aliyekulia chini ya bwana shauri. Ni kumbukumbu ya familia.

Sitaki kuisifia mpaka nizibe macho. Kuna vipande vya kelele hizo vinavyoendelea baada ya hoja kueleweka, na kwa muda fulani unahisi kwamba wasanii wanafurahia ujanja wao kuliko wanavyowakumbuka marehemu. Pia msamiati wa kazi ni wa kusini: Kizulu, Kiswati, methali za Kitswana zilizokusanywa na Sol Plaatje. Haishangazi, wasanii wametoka huko, na Afrika Kusini nayo ina maiti wake katika vita hivyo. Meli ya Mendi ilipozama Februari 1917 iliondoka na zaidi ya watu 600 wa kikosi cha vibarua weusi. Lakini msafara unaochezwa kwa kiasi kikubwa ni wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Kongo.

Hapa ndipo nina ugomvi na wahakiki waliosema kwamba kuchanganya dansi, okestra na michoro kusimulia vita hivi ni jambo jipya. Wapagazi wenyewe walishafanya. Lugha yetu haijawahi kuvitenganisha vitu hivyo: ngoma ni kile chombo kinachopigwa, ni mchezo wenyewe, na ni shughuli nzima pamoja na mavazi na watu wake. Na ngoma ya vita vile ilikuwa beni.

Beni ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Tarumbeta, ngoma kubwa, sare, mistari iliyonyooka, na juu yake vyeo: kulikuwa na majenerali, makapteni, makingi. Upande wa Tanganyika ilikuwa na vyama viwili vikuu vilivyoshindana, Marini na Arinoti, Marini wakijiona waungwana wa mjini na Arinoti wakiwa na watu wengi wa bara. Vita vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni pamoja na mizigo. Walipotawanywa kurudi kwao waliipeleka vijijini kote, hadi Nyasaland, ambako ilizaa mganda na malipenga. Wasiokuwa na fedha za tarumbeta walitumia kibuyu: wakatoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui, na sauti ya mwimbaji ikatoka ikinguruma kama shaba. Mwanahistoria Terence Ranger ameandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo, kilichotoka mwaka 1975, na anaonyesha jinsi wakoloni walivyoikodolea macho kwa wasiwasi wakishindwa kuamua kama wanaigwa au wanachekwa.

Jibu, nadhani, ni vyote viwili. Mtu aliyepigiwa kelele miaka minne na ofisa mwenye kofia ngumu anarudi kijijini, anavaa kofia yake mwenyewe ya makaratasi, anajiita ofisa, na kwa saa tatu za jioni ya Jumapili kijiji kizima kinanyoosha mistari kwa amri yake. Kibuyu kinanguruma, mguu unapigwa, sare inang'aa. Sauti, mwendo na sura, vyote vikiibeba kumbukumbu ambayo hakuna aliyemwomba aiandike. Kentridge na wenzake walifika mwaka 2018 mahali ambapo kina Arinoti walishapita, wakiwa na taa kubwa zaidi na ukumbi wenye paa.

Baada ya London, kazi hiyo ilikwenda Duisburg nchini Ujerumani, ikaenda New York mwezi Desemba 2018, Amsterdam mwaka 2019, na hatimaye Johannesburg mwaka 2023. Ukiitazama orodha hiyo utaona imepita kwa Waingereza waliowaandikisha wapagazi, na kwa Wajerumani waliowaswaga. Dar es Salaam haimo. Nairobi haimo. Tabora, ambako njia nyingi za mizigo zilikutana, haimo.

Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Idadi, ripoti ikaongeza, huenda ikafika 350,000. Nairobi angalau kuna mnara wa mwaka 1928 wenye sanamu tatu, na moja kati ya hizo ni ya mpagazi. Sanamu yetu ya Askari, pale Samora na Azikiwe, iliyowekwa mwaka 1927, ni ya mtu mmoja na bunduki yake yenye singe.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye matamasha, wenye balozi, wenye fedha za utamaduni, na hasa kwa vijana wanaocheza dansi, wanaochora na wanaopiga ala hapa mjini, ambao hawahitaji kumsubiri Kentridge. Kazi hii inataka njia ndefu, ukuta, taa iliyowekwa chini, na watu wanaojua kubeba. Viwanja vya Mnazi Mmoja vina nafasi ya mita 50 na chenji inabaki. Wanaojua kubeba wapo dakika tano kutoka hapo kwa miguu. Waombeni wawafundishe mwendo, na muwalipe.